Maji taka, maabara, hospitali au pua yako: ufuate kipimo kipi kujua Korona imefika wapi mtaani kwenu

Mwaka 2020 hukuhitaji kuzitafuta habari za Korona. Zilikufuata hadi chumbani. Kenya nzima ilikaa mbele ya runinga kumsikiliza Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati huo, akisoma sampuli zilizopimwa, waliokutwa na virusi, waliopona na waliotutoka. Huku Marekani watu walishinda kwenye ramani ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ile nyeusi yenye madoa mekundu. Hayo yote yamekwisha. Johns Hopkins waliacha kukusanya takwimu tarehe 10 Machi 2023. Shirika la Afya Duniani, WHO, likatangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei, na serikali ya Marekani ikafuata tarehe 11 Mei.

Virusi havikusoma tangazo. Hapa Marekani vimezoea kupanda mara mbili kwa mwaka: wakati wa joto, kati ya Julai na Septemba, halafu tena baridi inapokolea Desemba na Januari. Ukiitazama kalenda yetu, hiyo ndiyo miezi ya wazazi kuja kutembea, ya harusi, ya watu kupanda ndege kwenda nyumbani.

Ninawaandikia hasa Waswahili wa Massachusetts, wa Lowell na Worcester na vitongoji vya Boston, ambako wengi wetu tunafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee. Maswali ni yaleyale kila msimu. Mama ana sukari na presha, aje Agosti au asubiri Oktoba? Niende zamu na haka kamafua? Sherehe tuifanyie ukumbini au uwanjani? Kwa maswali kama hayo kuna vipimo vinne unavyoweza kuvitazama leo: maji taka, asilimia ya maabara, hesabu za hospitali, na kile kipimo cha kuingiza puani nyumbani. Ninavipanga hapa kimoja baada ya kingine, na kila kimoja nitakiuliza kwanza jambo moja: kinamhesabu nani, na nani kinamwacha nje?

MAJI TAKA

Mtu aliyeambukizwa hutoa vipande vya virusi anapokwenda haja, mara nyingine kabla hata hajaanza kukohoa, na wapo wanaotoa bila kuugua kabisa. Vipande hivyo husafiri kwenye mabomba hadi kwenye mtambo wa kusafisha. Pale huchotwa sampuli, na maabara hupima ni nakala ngapi za virusi zimo katika maji hayo. Basi. Hakuna foleni, hakuna bima, hakuna anayeulizwa jina wala karatasi za ukaazi. Mtu anayeogopa bili ya hospitali, au ambaye mambo yake ya uhamiaji hayajakaa sawa, anahesabiwa sawasawa na daktari bingwa anayeishi ghorofani katikati ya jiji, kwa kuwa wote wanatumia choo. Kwa jamii kama yetu sijui kipimo chenye haki kuliko hiki, na ndiyo sababu mimi huanza nacho.

Eneo la Boston lilianza mapema. Maji taka ya miji na manispaa 43 huishia mtambo wa Deer Island, kule kwenye matangi kumi na mawili yenye umbo la yai unayoyaona ndege ikiteremka uwanja wa Logan. Mamlaka ya maji ya huko, MWRA, imekuwa ikitoa grafu ya virusi tangu 2020, ikitenganisha upande wa kaskazini na upande wa kusini. Ukiifungua utaona nukta na mstari. Kila nukta ni sampuli ya siku moja, nayo huruka juu na chini bila sababu ya maana. Mstari ni wastani wa siku saba, na huo ndio wa kufuata. Utaona pia kilele cha Januari 2022, Omikroni ilipoingia, kilichovipita vingine vyote kwa mbali. Kilele hicho huwadanganya wengi: wanailinganisha leo na siku ile, wanaona mstari uko chini, wanatulia. Linganisha leo na miezi miwili iliyopita. Mstari ukipanda wiki mbili au tatu mfululizo, wimbi limeanza, hata kama bado ni kilima tu ukilinganisha na 2022.

Kuna jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Lowell haimo katika hizo 43. Maji taka ya Lowell yanasafishwa na mtambo wake wenyewe kwenye mto Merrimack, na ya Worcester yanakwenda mtambo wa Upper Blackstone ulioko Millbury. Kwa hiyo mkazi wa Lowell anayefuata grafu ya Boston anatazama choo cha jirani. Mawimbi hayaheshimu mipaka na mara nyingi miji hii hupanda na kushuka pamoja, lakini kabla hujaamini grafu yoyote, tafuta jina la mtambo unaopokea maji ya nyumba yako. Bili ya maji itakuambia, au ofisi ya manispaa. Kisha angalia kama mtambo huo umo kwenye ukurasa wa CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, au wa WastewaterSCAN, mradi wa vyuo vikuu vya Stanford na Emory. CDC hulinganisha kila mtambo na historia yake wenyewe, kisha hukipa kiwango jina, kuanzia cha chini kabisa hadi cha juu sana. Usichukue nakala za mtambo mmoja ukazilinganisha na za mtambo mwingine uliopimwa na maabara nyingine. Na usijaribu kuzigeuza nakala kuwa idadi ya watu, kwa sababu hazigeuki.

Kasoro zake zipo. Mvua kubwa na theluji inayoyeyuka huyafanya maji kuwa mepesi. Maabara nyingi hurekebisha kwa kupima pia kirusi cha pilipili, kisichomdhuru binadamu, ambacho hukutwa kwenye kinyesi cha watu karibu kila mahali kwa sababu ya vyakula tunavyokula. Kikipungua, wanajua maji yameongezeka. Mikataba nayo hubadilika: mwaka 2023 CDC ilipohamisha kazi kutoka kampuni ya Biobot kwenda Verily, baadhi ya miji ilikatika kwenye grafu. Ukiona mstari umekatika au umeruka ghafla, soma maelezo yaliyo chini ya grafu kabla ya kushtuka.

Kasoro kubwa zaidi ni ya mabomba. Zaidi ya nyumba moja kati ya tano Marekani haziko kwenye bomba la manispaa. Maji yao huishia kwenye tangi la ardhini uani. Watu hao hawamo katika hesabu hata kidogo. Na huko kwetu ndiyo usiseme: sehemu kubwa ya Dar es Salaam, Mombasa na Kampala ni vyoo vya shimo na matangi. Hata hivyo mtu asikuambie kwamba kipimo hiki ni cha Wazungu. Machi 2018, virusi vya polio viligunduliwa katika sampuli ya maji taka iliyochukuliwa Eastleigh, Nairobi. Kampeni za chanjo zikafuata. Ufundi huo upo Afrika Mashariki tangu kabla ya Korona.

ASILIMIA YA MAABARA

Idadi tupu ya wagonjwa, ile ya "leo wamepatikana 600", haina kazi tena. Watu wanajipima nyumbani na matokeo hayaendi popote, au hawajipimi kabisa. Hata ilipokuwa na kazi, iliwaacha nje wengi mno. Tanzania ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mapema Mei 2020, na namba hiyo ikakaa hapohapo zaidi ya mwaka mmoja. Kenya ilitangaza kila siku, lakini sikiliza walichokiona watafiti wa Kilifi, wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome, walipochunguza damu ya wachangiaji 3,098 kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020: walikadiria kuwa asilimia 4.3 hivi ya Wakenya tayari walikuwa na kingamwili za virusi hivi, na Mombasa ilikuwa juu zaidi, karibu asilimia 8. Hesabu ya serikali mwishoni mwa Mei ilikuwa karibu watu 2,000 kwa nchi nzima.

Kilichobaki cha maana upande wa maabara ni asilimia: kati ya waliopimwa, wangapi wamekutwa na virusi. Wakenya wanaikumbuka, maana ndiyo iliyowaamsha Desemba 2021 ilipopita asilimia 30 ndani ya majuma machache. CDC bado wanaitoa, ila kwa kanda. Massachusetts imewekwa pamoja na New England yote, majimbo sita, hivyo haitakuambia lolote kuhusu Lowell peke yake.

Kile kikomo cha asilimia 5 ambacho WHO walikitaja Mei 2020, kwamba chini yake ugonjwa umedhibitiwa, kisikutawale. Kilikuwa cha wakati nchi zilipojitahidi kupima kila mtu. Leo anayepimwa maabara ni yule aliyefika hospitali akiwa hoi, au anayekaribia kufanyiwa upasuaji, na asilimia ya watu wa namna hiyo ni habari nyingine. Mimi huitumia kuthibitisha tu. Maji taka yakipanda na asilimia ikapanda, nimeshaelewa. Yakipanda maji taka na asilimia ikatulia, nasubiri wiki moja zaidi.

HOSPITALI

Hesabu za waliolazwa hujibu swali ambalo maji taka hayawezi kulijibu: wimbi hili linaumiza kiasi gani? Tangu Omikroni tumeona mara kadhaa maji taka yakipanda sana huku wodi zikikaa tulivu kuliko 2021, kwa kuwa watu wengi wana kinga ya chanjo au ya kuugua. Anayemsubiri mama mwenye sukari anahitaji kujua hilo.

Tatizo ni kwamba huchelewa. Mtu huambukizwa, siku kadhaa zinapita, anaanza kuumwa, anajitibu kwa tangawizi na limau, hali inakuwa mbaya, ndipo analazwa, ndipo anaandikwa. Hesabu ikikufikia, wimbi lina wiki nyingi mtaani. Afadhali kidogo ni asilimia ya waliofika idara ya dharura wakaonekana wana Korona. Hiyo hutangulia hesabu ya vitanda, na majimbo mengi huitoa kila wiki pamoja na ya homa ya mafua na ya RSV, kirusi kingine cha kifua. Ukiwa na mtoto mchanga au mzee nyumbani, kuziona zote tatu pamoja ni faida.

Ujue pia kwamba hesabu hizi huishi kwa amri ya serikali. Hospitali za Marekani ziliacha kulazimika kuripoti mwisho wa Aprili 2024, zikalazimishwa tena kuanzia tarehe 1 Novemba mwaka huohuo. Kiangazi kizima cha 2024, wimbi likiwa juu, picha ya wodi ilikuwa pungufu. Anayelinganisha mwaka na mwaka lazima alijue pengo hilo.

Na nani anaachwa nje? Yule asiyefika hospitali. Ushahidi mkali zaidi ninaoujua unatoka Lusaka, Zambia. Watafiti walikwenda mochari ya Hospitali ya Chuo Kikuu kati ya Juni na Septemba 2020, wakapima miili 364 ya watu waliokufa kwa sababu mbalimbali. Miili 58, karibu mmoja kati ya kila sita, ilikuwa na virusi vya Korona, na kipimo kilipolegezwa kidogo ikafika 70. Kati ya hao 70, waliokuwa wamepimwa wakiwa hai ni sita tu. Wengi walifia nyumbani, na hakuna hata mmoja wa hao wa nyumbani aliyekuwa amepimwa. Wakati huo dunia ilikuwa ikiandika makala kuuliza kwa nini Korona imeipita Afrika kando. WHO walipokuja kukadiria vifo vya ziada vya 2020 na 2021 kwa dunia nzima, walipata milioni 14.9, ilhali vilivyoripotiwa vilikuwa milioni 5.4. Kwa hiyo ndugu yako wa Singida au Bungoma akikuambia huku kwetu haipo kwa sababu hospitali haziisemi, mwambie hospitali haziwezi kumsema asiyezifikia.

PUA YAKO

Vipimo vitatu vya juu vinazungumzia mtaa. Hiki kinazungumzia wewe, leo, kabla hujaingia chumbani kwa bibi wa miaka tisini unayemwogesha. Kwa anayefanya kazi nyumba ya wazee, hiki ndicho cha kwanza na vingine vyote vinafuata.

Kosa la kawaida ni kuamini mstari mmoja, yaani jibu la kwamba huna. Kipimo cha haraka huona virusi vikishakuwa vingi puani, na siku ya kwanza ya dalili mara nyingi bado havijafika hapo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inasema hivi: ukiwa na dalili na kipimo kikaonyesha huna, rudia baada ya saa 48. Ukiwa huna dalili lakini ulikaa na mgonjwa, pima mara tatu, ukiacha saa 48 kila mara. Soma kwa dakika zilizoandikwa kwenye karatasi, si kabla, si baada ya kurudi dukani. Mstari wa pili ukionekana, hata uwe mwembamba na wa kufifia kiasi cha kuuinua dirishani kuutafuta, unayo. Na tarehe ya kuisha iliyoandikwa kwenye boksi si lazima iwe ya mwisho. FDA waliongezea muda aina nyingi, na orodha iko kwenye tovuti yao.

Faida yake kubwa ni dawa. Paxlovid, dawa ya vidonge ya Korona, inatakiwa kuanza ndani ya siku tano tangu dalili ya kwanza, na inagongana na dawa kadhaa za moyo, kolesteroli na za kuzuia damu kuganda, kwa hiyo daktari au mfamasia lazima aione orodha nzima ya dawa za mgonjwa. Mama akija kutoka nyumbani, andika dawa zake zote siku anayofika, pamoja na zile za kienyeji. Ukisubiri grafu ipande ndipo umpime, siku tano zimekwisha.

Hapa niongeze habari ya kile kifaa cha kubana kidole kinachosoma oksijeni. Wengi tulikinunua, na ni kizuri kuwa nacho, lakini kina upungufu kwa ngozi nyeusi. Utafiti wa Michigan uliochapishwa Desemba 2020 uliwatazama wagonjwa ambao kifaa kilisema oksijeni yao iko kati ya 92 na 96, wakailinganisha na damu yenyewe. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli wako chini ya 88. Kwa wazungu walikuwa asilimia 3.6. Maana yake kidole cha mama kikisoma 93 na anahema kwa shida, midomo imebadilika rangi au hawezi kumaliza sentensi, mpeleke hospitali, na usikubali mtu akurudishe nyumbani kwa sababu ya namba tu. Mwambie muuguzi wa mapokezi waziwazi kwamba unajua kifaa hukosea kwa watu weusi, na uombe apimwe damu.

BASI UCHAGUE KIPI

Unapanga safari ya mzazi, au harusi, au arobaini ya marehemu, jambo lililo wiki tatu mbele: fuata maji taka, mtambo wa kwenu, na utazame mwelekeo kuliko kiwango. Mstari ukiwa unapanda wakati wa kutuma kadi, tafuta mahali penye uwanja, au ukumbi wenye madirisha yanayofunguka. Tarehe yenyewe si lazima ibadilike.

Unaishi kwenye tangi la uani, au mji mdogo usio na sampuli: chukua maji taka ya mji mkubwa wa karibu pamoja na asilimia ya idara ya dharura ya kaunti au jimbo. Hakuna hata kimoja kitakachokuwa chako hasa, lakini vikikubaliana viwili, vinatosha.

Uko Nairobi, Dar, Bujumbura au Goma, na hakuna grafu yoyote ya kuaminika: usitafute namba ambayo haipo. Sikiliza hospitali iliyo karibu, uliza mfamasia wa mtaani kama dawa za kikohozi zinakwisha kwa kasi, angalia shule na makanisa na misikiti. Hizi ni dalili za ugonjwa wa kifua kwa jumla, si Korona peke yake, lakini kumkinga mzee hakuhitaji ujue jina la kirusi. Barakoa, dirisha wazi na kutomtembelea ukiwa na kikohozi hufanya kazi kwa vyote.

Unaingia zamu: pua, kila mara, na urudie baada ya saa 48. Najua zamu isiyofanywa ni pesa isiyoingia, na najua wapo wasimamizi wanaokunja uso. Uliza haki yako ya siku za ugonjwa kabla hujaugua. Massachusetts ina sheria inayomwezesha mfanyakazi kujilimbikizia hadi saa 40 za mapumziko ya ugonjwa kwa mwaka, saa moja kwa kila saa 30 za kazi, na mwajiri mwenye wafanyakazi 11 au zaidi lazima azilipe.

KINACHOBAKI MWILINI

Vipimo vyote vinne havimwoni mtu mmoja: yule aliyekutwa hana virusi tena, aliyerudi kazini, na ambaye miezi minne baadaye akipanda ngazi anakaa katikati kupumzika. Korona ya muda mrefu haionekani kwenye maji taka wala kwenye pua. WHO walipoieleza Oktoba 2021 walisema ni dalili zinazokuwepo kwa kawaida miezi mitatu tangu kuugua, zinazodumu angalau miezi miwili, na ambazo hazina maelezo mengine. Uchovu usioondoka kwa kulala, kukosa pumzi, kusahau na akili kuwa nzito ndizo zinazotajwa zaidi. Nyingine, na ya kuijua vizuri, ni kuanguka baada ya kujitahidi: leo umefua na kupiga pasi, kesho au keshokutwa huwezi kutoka kitandani.

Njia za kuihesabu nazo zinapishana. Dodoso huwauliza watu moja kwa moja. La taifa la Marekani la 2022 lilikuta asilimia 6.9 ya watu wazima wamewahi kuwa nayo na asilimia 3.4 walikuwa nayo wakati wanaulizwa. Uingereza mapema 2023 watu milioni 1.9 walisema wanayo. Rekodi za hospitali kwa upande wake huhesabu waliopewa rasmi namba ya ugonjwa huo, U09.9, na hizo zitamwonyesha tu aliye na daktari, aliyeaminiwa, na ambaye daktari wake alikumbuka kuiandika. Kati ya hizo mbili, mimi naamini dodoso. Shangazi anayesema "nimechoka tu, ni uzee" hatapata namba hiyo kamwe.

Kwa mtu binafsi kipimo bora ni daftari. Hakuna kipimo kimoja cha damu cha kuithibitisha, kwa hiyo unachokwenda nacho kwa daktari ndicho ushahidi wako. Andika kila jioni mistari mitatu: nimefanya nini leo, nimelala vipi, mwili uko vipi kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Baada ya wiki tatu utaona mwenyewe kama siku mbaya zinafuata siku za kazi nyingi. Ikiwa ndivyo, usijilazimishe kufanya mazoezi kwa ushauri wa watu wa nyumbani. Punguza kazi ukae chini ya kiwango kinachokuangusha, na umwonyeshe daktari mpangilio huo.

Kama moyo unakwenda mbio au unaona kizunguzungu ukisimama, kuna jambo unaloweza kulipima nyumbani ukiwa na mtu wa kukushika. Lala chali dakika tano hadi kumi, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika. Kisha simama, egemea ukuta kwa mabega, visigino vikiwa mbele kidogo, usisogee wala usiongee, na uhesabu tena kila dakika hadi ya kumi. Ukihisi unaanguka, acha. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na yakabaki juu, hiyo ni sababu ya kutosha ya kumwomba daktari akuchunguze ugonjwa unaoitwa POTS, ambao huwapata baadhi ya watu baada ya Korona na ambao una dawa na mbinu za kuupunguza makali. Peleka namba zote kumi na moja, ile ya kulala na kumi za kusimama. Karatasi ya namba haipuuzwi kwa urahisi kama maneno.

Tangu Julai 2021 serikali ya Marekani inakubali kwamba Korona ya muda mrefu inaweza kuhesabiwa kuwa ulemavu chini ya ADA, sheria ya haki za watu wenye ulemavu, inapomzuia mtu kwa kiasi kikubwa kufanya mambo ya kawaida. Kwa mfanyakazi wa nyumba ya wazee maana yake ni kwamba anaweza kuomba kwa maandishi kiti cha kukalia anapoandika ripoti, zamu fupi zaidi, au kuondolewa kwenye kazi ya kunyanyua wagonjwa, na mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi analazimika kulijadili ombi hilo naye. Asiye na bima aanzie kituo cha afya cha jamii, ambavyo hutoza kulingana na kipato na havimfukuzi mtu kwa kukosa hela. Lowell kipo, Worcester vipo. Ukipiga simu kutafuta nafasi, omba mkalimani wa Kiswahili siku hiyohiyo unapoandikishwa, ni bure na ni haki yako, na daftari ulishike mkononi.